Mbayuwayu wa Mwisho Abu Hamour

Nahashon Kiptoo hakuwa mpenda ndege. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu aondoke Doha, watu wetu wa kanisani, wa ibada ya Ijumaa kule Mesaimeer, wamekuwa wakimsimulia kana kwamba alizaliwa na darubini shingoni. Uongo mtupu. Siku nilipomkuta alijua ndege wa aina mbili tu, kuku na wale wengine.

Alikuwa mlinzi kwenye geti la bekari iliyofungwa hapa Abu Hamour, nyuma ya maduka ya vipuri vya magari. Bekari yenyewe ilikuwa imebaki kuta, tanuri lililojaa mchanga, na dohani ndefu ya matofali ambayo haikuwa imetoa moshi kwa miaka. Kulinda mahali pasipo na cha kuibwa kunachosha kuliko kulinda benki, aliniambia, maana benki angalau unaona watu wakiingia na kutoka. Yeye alikuwa na lori la maji lililopita asubuhi, na paka mmoja asiyekuwa na adabu. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa kumi na mbili jioni.

Mimi ni nesi kwenye kliniki moja ya mtaa huohuo. Aliyenipeleka bekari ni Miss Hind, Mkatari, mwalimu wa bayolojia, ambaye alikuwa akimleta mama yake kwetu kupimwa presha. Siku moja alinikuta nimesimama dirishani nikitazama mbayuwayu wakipita juu ya maegesho, akaniuliza kama kwetu wapo. Nikamwambia wapo tele, hukaa kwenye nyaya za stima wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Akacheka. "Hao ni hawahawa," akasema. "Wanatoka kaskazini, wanapita hapa Septemba na Oktoba, halafu wanakuja kwenu."

Sijui kwa nini neno lile lilinichoma. Miaka minane niko hapa, na mjinga mimi nilidhani ndege wa Doha ni wa Doha.

Ndipo akanieleza habari ya dohani. Jua likizama, mamia ya wale mbayuwayu walikuwa wakizunguka juu ya bekari na kuingia ndani ya dohani kulala, kisha alfajiri wanaendelea na safari yao. Mwenye jengo alitaka kuvunja kila kitu ajenge fleti. Miss Hind alimfuata, akambembeleza, na mzee wa watu akakubali kungoja hadi wamalizike kupita, kwa sharti moja. Wahesabiwe kila jioni. Zikipatikana jioni tatu mfululizo zenye sifuri, kwenye fomu yenye sahihi mbili, mkandarasi aingie kesho yake. Miss Hind alihitaji watu wawili wa kujitolea. Nilikubali kwa sababu jioni zangu nilikuwa nazimalizia kitandani, chali, nikitazama simuni picha za harusi za watu walioko nyumbani. Wa pili tulimpata palepale getini, maana alikuwa ameketi hapo hata hivyo.

Jioni ya kwanza tulihesabu na Miss Hind, tukapata mia tatu na nne. Jioni ya pili nilifika nikakuta fomu imekwisha kujazwa, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Mia tatu na nne.

"Umehesabu saa ngapi, na jua bado liko juu?"

"Sijahesabu, Sista," akasema bila wasiwasi. "Nimeandika asubuhi. Si jana walikuwa hao hao? Ndio tusisumbuane."

"Umeandika asubuhi ndege wa jioni?"

Akanifungulia kitabu chake cha zamu anionyeshe. Kila saa ilikuwa na mstari wake, na kila mstari uliandikwa "Hali shwari", mpaka ule wa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo ilikuwa haijafika. Walinzi wote hufanya hivyo, akanieleza. Supavaiza akikuvamia ghafla akakuta mstari mtupu, ni barua ya onyo. Kwa hiyo asubuhi unajaza siku nzima, halafu unakaa unaomba Mungu isitokee kitu. Na kikitokea, hufuti wala hupaki rangi nyeupe. Unachora mstari mmoja juu ya lile kosa, unaandika la kweli juu yake, unatia sahihi.

Nilimgombeza pale kama mtoto. Mimi ni mtu wa maneno, na watu wa kazi yangu wanaelewa kwa nini: nesi akijaza presha ya mgonjwa ambaye hajampima, mtu hufa. Nahashon alinisikiliza hadi nikamaliza, akachora mstari wake mmoja juu ya ile mia tatu na nne, akatia sahihi, tukaketi juu ya makreti ya mikate, migongo yetu kwenye ukuta, macho juu. Walikuja mia mbili na tisini na saba. Akaitazama ile namba kwa muda. "Kumbe saba hawakuja," akasema, na nikamwona amehuzunika kidogo.

Tangu hapo hakukosa jioni hata moja. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, tulikuwa tunatoka wote Mesaimeer baada ya ibada, yeye na shati lake jeupe la kanisani, tunakuja moja kwa moja kwenye makreti. Wakianza kuzunguka alinyamaza kabisa. Kidole gumba kilibonyeza kile kihesabio kidogo alichotuletea Miss Hind, tik, tik, tik, na ndege walimwagika ndani ya ule mdomo wa matofali kama mahindi yanavyomwagwa guniani. Huwa najiuliza mpaka leo namna walivyokuwa hawagongani.

Ila nilisema hakuwa mpenda ndege, na sijabadilisha neno. Alichokipenda ni simu ya baada ya hesabu.

Nahashon aliondoka kwao, kijiji cha upande wa Kapsabet, mkewe Damaris akiwa na mimba ya miezi mitano. Miaka mitano na ushee ilikuwa imepita. Mkataba wa kwanza ulikwisha, kampuni ikafunga, akahamia nyingine na kuanza kuhesabiwa upya. Likizo ikasogezwa mara moja, ikasogezwa ya pili, na yule mtoto, Bella, akazaliwa, akaota meno, akaanza shule, bila babake kuwahi kumshika hata kidole. Alimjua kwa kioo cha simu. Alijua sauti yake ya kikohozi. Hakujua uzito wake.

Saa ya Doha na saa ya Kapsabet ni moja, lakini jua si moja. Oktoba, tulipokuwa tukimaliza kuhesabu, huku Doha giza limeingia, na kwenye simu bado tulimwona Bella amesimama juani, ng'ombe wakipita nyuma yake. Nahashon alikuwa akiniambia hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote, kwamba kwa mtoto kuna mwanga na yeye yuko gizani, na ni saa ileile.

Na kila jioni mtoto aliuliza swali moja kabla hata ya salamu.

"Baba, wamebaki wangapi?"

Maana Nahashon alikuwa amemwambia. Supavaiza wake, Eugene, Mganda mpole aliyekuwa na walinzi wachache kuliko mageti, alimpa neno lake: hana mtu wa kumshikia lile geti zaidi ya siku ya Ijumaa, lakini siku bekari ikikabidhiwa kwa mkandarasi, siku hiyohiyo Nahashon anapewa tiketi anakwenda likizo. Kwa hiyo akamweleza Bella kwa lugha ya mtoto. Hawa mbayuwayu wanakuja kwenu. Wa mwisho akitoka hapa, mimi nafuata nyuma yake.

"Mia mbili na kumi."

"Ni wengi!"

"Watapungua, mami. Ngoja uone."

Wakapungua. Mia, sitini, kumi na wanane. Na kadiri walivyopungua ndivyo Nahashon alivyozidi kunenepa usoni. Alinunua koti la mtoto kule Al Wakrah, akanionyesha mara tatu, mara zote akiliweka mabegani mwangu kupima, kana kwamba mimi na mtoto wa miaka mitano tuna mwili mmoja. Kulikuwa na sababu ya haraka yote hiyo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Bella alikuwa anahitimu PP2, darasa la mwisho la chekechea, joho, kofia, picha na kila kitu, na pale shuleni ni mzazi anayemvisha mtoto kofia. Bella alikuwa amekwisha kutangaza darasa zima kwamba kofia yake itavishwa na babake kutoka Doha. Kuna mtoto aliyemwambia hana baba, ana simu.

Jumatatu ya wiki hiyo dohani ilitoa sifuri. Tulikaa mpaka nyota zikatoka, hakuna kitu. Jumanne, sifuri. Nahashon alipiga hesabu kwa vidole vyangu, maana vyake vilikuwa vimeshika kihesabio: Jumatano sifuri ya tatu, Alhamisi geti linakabidhiwa na anasafiri, Ijumaa yuko Kapsabet, Jumamosi anavisha kofia.

Jumatano nilichelewa. Mgonjwa alianguka kliniki dakika tano kabla sijatoka, na nilipofika bekari adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani na mwanga wa kuhesabia umeisha. Nahashon alikuwa amesimama, fomu mkononi. Niliichungulia kwa tochi ya simu. Mwandiko ule mzuri wa misheni, na sifuri moja nono.

Nilipiga kigelegele. Nilimkumbatia na yunifomu yake ya jasho, nikachukua kalamu, nikatia sahihi yangu pembeni ya ile sifuri. Ndipo nikaona yeye hafurahi.

"Niliandika asubuhi," akasema.

"Nini?"

"Sifuri. Nilishindwa kungoja, Sista Terry. Nimeiandika asubuhi kama vile hali shwari." Akanyoosha mkono juu. "Kuna mmoja ameingia."

"Umeona vizuri?"

"Amezunguka mara nne. Bawa moja halinyooki sawasawa. Halafu akaingia."

Sasa nitasema nilichofanya, kwa sababu nimekwisha kusema ya wengine. Mimi niliyemgombeza kwa ajili ya ndege saba, mimi wa presha za wagonjwa, nilimwambia, "Mimi sijaona kitu. Na sahihi yangu iko hapo."

"Terry."

"Ni ndege mmoja, Nahashon! Asubuhi ataondoka. Watu watakuja kuvunja mchana, yeye hayupo. Nani ataumia?"

"Na asipoondoka? Umeona bawa?"

"Basi mwambie Miss Hind. Mweleze habari ya Bella."

"Nimweleze aambie ndege awahishe?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilijua inakotoka. Mimi likizo yangu sinyimwi na mtu. Kila mwaka tiketi ipo, na kila mwaka siendi. Baba alizikwa Vihiga mimi nikiwa zamu hapa, na tangu hapo naogopa kuingia uwanja wa nyumbani nikute kaburi limeota nyasi bila mimi. Mama aliniuliza nitakuja lini miaka miwili ya kwanza, halafu akaacha kuuliza. Na sasa huyu hapa, anayetaka kwenda hadi anaazima vidole vyangu kuhesabu siku, anazuiwa na kitu kisichojaa kiganja. Niliona kama Mungu anafanya mchezo.

Simu ikalia. Alikuwa Bella, jua usoni, kofia ya karatasi kichwani, wamekuwa wakifanya mazoezi.

"Baba, wamebaki wangapi?"

Nahashon alinitazama. Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha kwa midomo, sifuri, sifuri. Namkumbuka alivyofungua mdomo, na kwa muda mfupi nilidhani atasema.

"Amebaki mmoja," akasema.

Mtoto akafikiri. "Kwa nini hajaenda na wengine?"

"Nafikiri amechoka, mami."

"Ah. Basi mngoje." Na akakimbia, akaacha simu kwenye nyasi, tukabaki tukiangalia mbingu ya Kapsabet mpaka Damaris akaiokota. Damaris hakugomba. Alisema tu, "Si ulisema ni leo?" Naye akajibu, "Nilisema."

Alipokata simu akaweka fomu juu ya kreti, akachora mstari mmoja juu ya sifuri, akaandika moja, akatia sahihi. Kisha akanipa kalamu. Nilikataa kuishika. Nikamwita mjinga, nikamwambia Wakatari wana mbayuwayu wengi na yeye ana mtoto mmoja.

"Miaka mitano, Terry," akasema polepole. "Nimemwambia nakuja Krismasi, sikuja. Nikamwambia Pasaka. Nikamwambia ukianza shule. Kila nilichomwambia huyu mtoto kimekuwa uongo, na sikutaka. Hii namba ya jioni ndiyo kitu pekee nimewahi kumwambia kikawa kweli. Na hii pia niipake rangi nyeupe?"

Nilitia sahihi. Halafu nikaenda zangu bila kumuaga, na nililia njia nzima mpaka mlangoni, watu wa duka la vipuri wakinitazama.

Alhamisi, mmoja. Ijumaa hakuja Mesaimeer. Nilimkuta jioni kwenye kreti lake, na mmoja akaingia, akizunguka mara nne kama mzee anayetafuta namna ya kukaa. Jumamosi niliomba ruhusa kliniki nikaenda mapema, kwa sababu sikutaka awe peke yake. Tulitazama ile video ya Damaris pamoja, kichwa kwa kichwa, jua la Doha likituzuia kuona vizuri.

Watoto walikuwa wamepangwa mstari, majoho ya bluu yakiburuta. Kila mmoja akiitwa, mzazi anapanda, anamvisha kofia, watu wanapiga makofi. Alipoitwa Bella akapanda Damaris. Mwalimu mwenye kipaza sauti, bila ubaya, akainama akamuuliza mbele ya umati wote, "Na baba je? Si ulituambia anakuja?"

Bella akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anahesabu mbayuwayu. Amebaki mmoja."

Watu walicheka sana. Mwalimu alicheka. Damaris hakucheka, na Bella hakucheka. Alisimama wima kabisa ili kofia isianguke. Nahashon aliirudia ile sehemu mara nyingi, halafu akaizima, akaweka simu mfukoni, akachukua kihesabio. Ilikuwa karibu saa yake.

Jumapili yule ndege hakutokea. Tulingoja hadi giza likawa giza kweli, na hakutokea. Jumatatu, sifuri. Jumanne, sifuri ya tatu, Miss Hind alikuja mwenyewe, akaitazama fomu yote tangu juu, akafika kwenye ule mstari uliochorwa siku ya Jumatano. Akauliza ni nini. Nahashon akamweleza, Bella, joho, kofia na yote. Miss Hind alikaa chini kwenye kreti na abaya yake nzuri, hakujali mchanga. "Mngeniambia," akasema. "Ningemwomba yule mzee atoe mlinzi wake mwenyewe ashike geti siku chache tu. Angetoa." Tulitazamana mimi na Nahashon. Hatukuwa tumewaza kwamba kuna kitu kama hicho cha kuomba. Huku umefundishwa kazi, hukufundishwa kuomba.

Aliondoka Jumatano usiku, na lile koti kwenye mkoba wa mkononi ili lisipotee.

Wiki iliyofuata dohani ilivunjwa. Niliipitia nikitoka kazini, matofali yamelala, ndani yake meusi ti. Wiki hiyohiyo kliniki waliniwekea mezani mkataba mpya wa miaka miwili nao nikauweka kwenye droo pamoja na tiketi ya likizo ya mwaka huu, ile ambayo sikuwa nimeitumia.

Jumapili moja wakanipigia. Uso wa Bella ulijaa kioo chote, kisha simu ikasogezwa nikamwona Nahashon amevaa shati la kawaida, sijawahi kumwona bila yunifomu au shati la kanisani, na mtoto amemkalia begani kama gunia. Bila kushika popote. Kwenye nyaya za stima juu yao kulikuwa na mstari mrefu wa mbayuwayu, na Nahashon aliugeuza mkono nione. Nilifurahi. Nilifurahi na pia nilitaka kukata simu, yote pamoja.

"Aunti Terry," Bella akasema, "huko wamebaki wangapi?"

Nilitaka kumwambia dohani haipo tena. Nikageuka nikatazama chumba changu, kitanda kimoja, kikombe kimoja dirishani, pazia nililolifunga kuzuia jua.

"Amebaki mmoja," nikasema.

Akafikiri, kichwa upande, vilevile kama siku ile.

"Na nani anamngoja?"

Nahashon aliacha kucheka, akanitazama. Nikawaambia nitawapigia kesho. Nikakata simu, na kabla sijaogopa tena nikampigia mama.